Na Wengine Wote Waliomo Kwenye Kadi

Kijana anayeongoza mtandao wa redio za zilipendwa, zile zenye mitambo Tabora, Nzega, Urambo na miji mingine ya huku kwetu magharibi, alinipigia simu akaniomba nimwandikie historia ya mtandao wake. Alitaka kijitabu cha kugawia wasikilizaji siku ya sherehe yao. Kisiwe kirefu, kiwe na picha, na kianzie zamani, kabla mtandao wenyewe haujazaliwa. "Wewe ndiye mtu wetu wa zamani, mama," alisema. Nina miaka arobaini na kitu. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimeandika makala zilizosomwa na watu wasiopungua sita, na sijapata kuitwa wa zamani kwa sauti yenye heshima namna ile. Nikakubali.

Nilianza vizuri. Niliandika kwamba mtandao huu umefuata njia ya misafara bila kujua: minara imesimama karibu na mahali wapagazi walipokuwa wakitua mizigo, na kwamba hata wao walibeba nyimbo pamoja na pembe, wimbo ukitoka kambi hadi kambi mpaka unafika pwani umebadilika maneno. Ilikuwa aya nzuri. Aya za kisomi ni kichaka kizuri cha kujifichia, na mimi nimejifichia humo miaka mingi. Kisha nikafika mahali pa kueleza kipindi cha Jumapili alasiri, kile cha nyimbo za zamani, kilichovizaa vipindi vyote vya zilipendwa tunavyovisikia leo. Na huwezi kukieleza kipindi kile bila kueleza kadi za salamu. Hapo niliinuka kwenda kuchemsha chai. Nikachemsha chai siku nne.

Kwa asiyezijua, kadi ya salamu ilikuwa karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Juu unaandika jina lako na wimbo unaoutaka. Katikati kuna mistari ya majina ya unaowasalimu. Chini kuna mstari wa ujumbe. Unaituma kwa posta, kisha unangoja. Ungeweza kungoja miezi. Jumapili ikifika, nyumba yenye redio inajaa watu wa nyumba zisizo na redio, na wote wananyamaza kumsubiri mtangazaji ataje mtu wanayemjua.

Nyumba yetu ya Mtendeni ilikuwa na redio. Nilikuwa naishi na mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenichukua mama alipofariki. Mumewe alikuwa fundi cherehani barazani, na alipokufa mama mkubwa akakalia cherehani ile akaendelea kushona. Vipimo vya wateja aliviandika katika daftari kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake kikitoka kulia kwenda kushoto: kifua, mabega, urefu wa mkono. Alikuwa anasoma na kuandika vizuri kuliko watu wengi wa mtaa ule. Lakini ilikuwa miaka ya kufuta ujinga, na katika orodha ya ofisi ya tawi, kwa kuwa hakujua herufi za Kizungu, aliandikwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Mimi niliyekuwa kidato cha pili, shule ya bweni mkoa mwingine, niliona orodha iko sahihi.

Mama mkubwa alikuwa na kaka mmoja tu, mjomba wangu, mkulima na mrina asali upande wa Bukene. Shemeji yake, mume wa mama mkubwa, alipofariki, tangazo la kifo lilisomwa redioni, na mjomba hakuja. Hakuja mazishini, hakuja siku ya tatu, hakuja arobaini. Siku ya arobaini mama mkubwa, akiwa bado edani, alisema mbele ya wanawake waliojaa uani: "Nishuhudieni. Mimi sina kaka."

Maneno kama hayo hayahitaji posta. Yalipanda treni ya Mwanza yakashuka Bukene kabla sahani hazijakauka. Kilichochukua muda ni habari ya kutoka upande wa pili. Mama mkubwa alikwisha kutoka eda pale mwanamke mmoja aliyekuwa akituletea mchele kutoka huko alipomweleza kwamba wiki ile ya msiba watu wa kijiji cha mjomba walikuwa wanahamishiwa kijiji cha ujamaa. Redio ya mjomba ilikuwa juu ya lori, chini ya mizinga na vyungu, betri zimekwisha. Hakujua kwamba shemeji yake amekufa. Alichokisikia kwanza ni kwamba hana dada.

"Anasemaje sasa?" mama mkubwa aliuliza.

"Anasema alikanwa mbele za watu, arudishwe mbele za watu. Barua hataki. Na ukimfuata kule peke yako, anasema, watakaosikia ni wa kule tu, wa Mtendeni watabaki na lile la kwanza."

Mama mkubwa aliitazama redio ya marehemu, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Hakukuwa na uwanja mwingine uliokusanya Mtendeni na Bukene kwa mara moja. Akaninunulia kadi.

Aliandika kwanza katika daftari lake la vipimo, kisha akanisomea ili nihamishe. Mimi nimeketi sakafuni na kalamu, kadi juu ya kigae.

"Andika. 'Kaka yangu wa Bukene, mwana wa mayu.'"

"Mayu, mama mkubwa?"

"Mayu. Kwani mama yetu tulimwita nani? 'Siku ya arobaini nilisema sina kaka. Nilisema uongo. Hukuwa na habari. Nyumba ni yako, njoo.' Umeandika?"

"Nimeandika."

Nilikuwa sijaandika kitu. Nilikuwa nawaza bweni. Shuleni nilikaa na mabinti wa maofisa, wasichana waliosema "nyumbani" kwa namna ambayo ulisikia simu ikilia ndani yake. Niliwaambia naishi Tabora mjini na mama mkubwa wangu, nikawaachia wao wajaze samani. Sasa redio ingetangaza nchi nzima kwamba nyumbani kwetu ni mahali ambapo watu wanakanana uani, wanatubu kwa sauti, na wanamwita mama yao mayu. Kulikuwa na jambo jingine dogo zaidi, na kwa hiyo baya zaidi. Msichana aliyetajwa kwenye salamu za Jumapili alitembea tofauti Jumatatu. Na aliyemfanya atajwe hakusahaulika.

Basi kwenye nafasi ya mtumaji niliandika jina la mama mkubwa "na mwanawe", nikaweka langu. Wimbo niliuandika alioutaka yeye, wimbo wa dansi ambao mjomba aliupenda tangu ujana wake. Kwenye mistari ya majina nikawapanga wasichana saba wa bweni langu, kiranja mkuu, na mvulana mmoja wa shule ya jirani ambaye hakuwa anajua kuwa nipo duniani na sidhani kama alikuja kujua. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilibana, nikamweka mjomba wa Bukene. Kwenye ujumbe nikaandika: "Elimu haina mwisho." Hata huo haukuwa wangu. Niliutoa ukutani, ofisi ya tawi.

Nilijiambia kwamba yumo. Nimemweka. Hivyo ndivyo nilivyolala vizuri.

Nilirudi shuleni, muhula ukapita kimya. Kadi ilisomwa likizo iliyofuata. Mama mkubwa alikuwa na desturi yake ya Jumapili: asubuhi anaanika betri juani kwenye kizingiti ili zipate nguvu, alasiri anavaa kanga safi kana kwamba mtangazaji naye atamwona. Siku ile jirani yetu alikuwepo, mzee Mgogo mstaafu wa reli, mtani wetu, asiyekosa kipindi wala chai yake. Wanawake wa nyumba ya pili walikuwepo pia, na wote walijua tunangoja nini.

Mtangazaji akataja jina la mama mkubwa. Watu wakakaa wima. Akasema salamu zimwendee fulani, na fulani, na fulani, akiwasoma wale wasichana mmoja mmoja, akamtaja kiranja, akaanza kuchoka, akasema: "Na wengine wote waliomo kwenye kadi. Ujumbe wao: elimu haina mwisho."

Muziki ukaingia. Wanawake walipiga vigelegele kwanza, kwa mazoea, ndipo wakatazamana. Mzee Mgogo akaweka kikombe chini.

"Wanyamwezi bwana! Hata redioni mnabeba mizigo ya wenyewe! Kaka yako umemwacha kituoni, umepakia mabinti wa watu!"

Wote walicheka, mtani hajibiwi kwa hasira. Mama mkubwa hakucheka. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono mapajani, maana ulikuwa wimbo wa kaka yake. Wageni walipotoka akanigeukia.

"Wengine wote ni nani?"

"Ni waliobaki, mama mkubwa. Mjomba yumo humo."

"Na maneno yangu?"

"Redio hukata. Muda hauwatoshi."

Alifungua daftari la vipimo, akaliangalia kidogo, akalifunga. "Wamekata ya kwangu. Wamebandika ya nani? Hiyo elimu isiyo na mwisho niliisema mimi?"

"Huwa wanaweka wenyewe," nikasema.

Namwomba radhi hapa mtangazaji yule, ambaye hakufanya kosa lolote zaidi ya kuchoka. Mama mkubwa alisema "Haya." Haya yake ilikuwa inafunga mlango na kutia komeo. Nami niongeze, ili msomaji apate raha kidogo, kwamba kati ya wasichana wale saba hakuna hata mmoja aliyesikia. Ilikuwa likizo, kila mmoja alikuwa kwao, wengine wanaogelea, nadhani.

Likizo hizo wanafunzi wa sekondari tulipangiwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Mimi nilipewa darasa la akina mama kwenye ofisi ya tawi, saa tisa alasiri. Siku mbili baada ya salamu zile nilikuwa nimesimama mbele na chaki, nimejinyoosha, mlango ukafunguka akaingia mama mkubwa na daftari jipya kwapani. Alipita katikati ya mabenchi mpaka la mbele kabisa. Hakuketi. Akanitazama usoni.

"Shikamoo, mwalimu."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Nami, Mungu anisamehe, kwa kuchanganyikiwa, ulimi ukatoka wenyewe: "Marahaba."

Nimesimama mbele ya hadhira nyingi tangu siku ile, nimesahau hotuba, nimewahi kuanguka jukwaani. Nikikosa usingizi bado ni ile marahaba inayorudi.

Alijifunza haraka kuliko wote, kwa kuwa alichohitaji ni kubadilisha tu herufi. Kusoma alijua zamani. Siku za kwanza alifungulia daftari upande wa nyuma na kuanza kuandika kutoka kulia, na akina mama wenzake wakamcheka, naye akawacheka kwa kuwa wao hawakujua kusoma kutoka upande wowote. Wiki ya pili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuandikie 'wengine wote'."

"Somo la leo ni vyakula, mama."

"Hata hao wengine wote wanakula. Tuandikie."

Nikaandika ubaoni. Wanawake zaidi ya ishirini wakainamia madaftari, wakatamka pamoja, kwa sauti ya kuvuta, kama tulivyowafundisha: wengine wote, wengine wote. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nafuta sehemu ya ubao iliyokuwa safi.

Kabla likizo haijaisha alipewa cheti. Mwenyekiti wa tawi alimsimamisha mbele ya watu kama mfano. "Mama huyu alikuwa gizani," alisema, "leo ameona mwanga." Alikuwa anamsema mwanamke aliyesoma hitima za nusu ya mtaa. Mama mkubwa alimsikiliza kwa adabu.

"Ni kweli, mwenyekiti," alijibu. "Kuna vitu ndani ya nyumba yangu nilikuwa sivioni."

Watu wakapiga makofi kwa ajili ya taifa. Mimi peke yangu pale ndani nilijua kwamba ameingia darasani kwa sababu hakuwa tena na mtu wa kumwamini na kalamu. Hakuniambia kwamba anajua. Hakunigombeza. Usiku nilipokuwa nafunga sanduku la shule alinipa kanga yake mpya niitandike kitandani, akaniita mwanangu, kama siku zote. Kadi mpya ilikuwa juu ya cherehani, imeandikwa kwa herufi kubwa zinazosimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Hakuniomba niihakiki. Aliipeleka posta mwenyewe.

Ilisomwa nikiwa shuleni. Jumapili, bwaloni, tunakula maharage. Redio ya shule ilikuwa dirishani karibu na meza yetu, meza ya tatu. Mtangazaji alitaja jina la mama mkubwa nami nikainamia sahani. Kisha akasema kadi hii ina mtu mmoja tu, ataisoma yote. Akaisoma. Kaka yangu wa Bukene, mwana wa mayu. Siku ya arobaini nilisema sina kaka. Nilisema uongo. Hukuwa na habari. Nyumba ni yako, njoo. Alilitamka hilo mayu vizuri, taratibu.

Nilingoja kicheko. Nilikuwa nimekiogopa kicheko hicho mwaka mzima, nimemuuza mjomba kwa ajili yake. Hakikuja. Vijiko vilikuwa vimetulia. Msichana mmoja wa meza yetu alikuwa analia na kujifuta kwa mkono wa sweta, na mwingine aliniuliza:

"Tabora si kwenu, wewe? Unamjua huyu mama?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Nililetewa kwenye sahani. Hakuna aliyekuwa anacheka. Ningesema tu ndiyo, na ningetembea tofauti Jumatatu kuliko msichana yeyote katika historia ya shule ile. Lakini uongo ukishauzoea hauangalii tena kama unahitajika.

"Tabora ni kubwa," nikasema.

"Humjui kabisa?"

"Simjui."

Nikaendelea kula. Kanga yake ilikuwa kitandani kwangu.

Mjomba alishuka treni wiki ileile, nilisimuliwa, na debe la asali na jogoo, na watu wa Mtendeni wakatoka nje kumwona akivuka barabara. Mama mkubwa alimpokea uani, mahali palepale. Nilipokuja likizo nilimkuta amekaa kizingitini, mwembamba, anatengeneza mguu wa kiti. Niliinama. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, marahaba. Ohoo! Kumbe ndiye huyu! Wengine Wote amefika!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mzee Mgogo, kwenye chai yake, alicheka zaidi. Mama mkubwa alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asionekane anacheka pia. Mjomba aliniita Wengine Wote mpaka anakufa, mbele ya wachumba, mbele ya wanangu, na nilicheka kila mara, kwa kuwa ilikuwa adhabu nyepesi na niliona nimeponea. Kile cha bwaloni hakuna aliyekijua. Mama mkubwa alifariki nikiwa nimeshaajiriwa. Niliombwa nizungumze siku ya arobaini yake. Nilizungumza vizuri, nilisifu cheti chake cha kisomo. Nilikuwa nimesimama uani, mahali penyewe pa kusemea, na sikusema.

Sasa mkurugenzi anataka historia. Nimemrudishia aya ya misafara, aitumie apendavyo. Nilimwambia ile ya kadi za salamu siwezi kuiandika kabla sijafanya jambo moja, nikamwomba anisomee salamu kipindi cha Jumapili.

"Hakuna shida, mama. Siku hizi ni ujumbe wa simu tu, hatutumii kadi. Ila tunafupisha."

"Usifupishe."

"Majina mangapi?"

"Moja."

"Basi rahisi," alisema, na nikasikia anacheka. "Ninyi watu wa zamani mna mambo yenu."

Sheria ya mjomba ni kwamba aliyekanwa mbele za watu arudishwe mbele za watu haohao. Watu wangu walikuwa wasichana wa meza ya tatu. Sijui walipo. Lakini najua umri wao, na najua watu wa umri wetu Jumapili alasiri wanasikiliza nini. Ndiyo biashara yote ya kijana yule. Hapa sitaji jina la mama mkubwa, wala la mtu yeyote, kwa kuwa ukurasa si mahali nilipomkania. Nitalitaja kule, kwenye hewa ileile aliyotumia yeye.

Kadi nimeitengeneza mwenyewe, kwa karatasi ngumu, ingawa nimeambiwa haihitajiki. Juu nimeandika wimbo wa mjomba. Ujumbe unasema: mliniuliza kama namjua. Namjua. Ndiye aliyenilea, na sisi sote kwetu tulimwita mama yetu mayu. Nimeusoma mara nyingi kuona kama unaweza kukatwa, na kila nikiusoma namsikia mtangazaji akianza kuchoka.

Ni keshokutwa. Umeme wa huku hauaminiki, kwa hiyo nina redio ndogo ya akiba, na asubuhi hii nimeanika betri zake kizingitini. Binti yangu amepita akaniuliza nafanya nini. Nimeanza kumweleza.